Faida ya Ardhi ya Ireland ni ya Nani?

Bei ya nyumba inapopanda mwaka hadi mwaka, watawala huiita maendeleo. Inapoanza kushuka, huiita bahati mbaya. Majina hayo mawili yote ni ya uongo, na nchi iliyoyathibitisha hivyo kwa gharama kubwa ni Jamhuri ya Ireland.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 nchi hiyo ndogo, yenye watu wapatao milioni nne, ilisifiwa kote Ulaya. Makampuni ya kigeni yalivutwa na kodi nafuu, ambayo mwaka 2003 ilifikishwa asilimia 12.5. Vijana ambao baba zao walilazimika kuhamia Uingereza na Marekani sasa walipata kazi nyumbani. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, wala si haki kuyabeza. Lakini baada ya mwaka 2000 uchumi ule uliacha pole pole kutegemea viwanda ukaanza kutegemea saruji. Mwaka 2006 takwimu za serikali zilihesabu nyumba zaidi ya 90,000 zilizokamilishwa. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanane alikuwa katika kazi za ujenzi. Mabenki yalikuwa yamekwisha anza, mwaka 2005, kukopesha bei nzima ya nyumba bila mnunuzi kutoa hata senti moja yake mwenyewe. Na sensa ya mwaka huo huo wa 2006 ilikuta nyumba zipatazo 266,000, zikiwamo za mapumziko, hazina mtu ndani.

Ndipo soko lilipoanza kupoa. Kati ya Desemba 2005 na Juni 2007 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba kutoka asilimia 2 hadi 4, na Ireland, iliyokwisha jiunga na sarafu ya Euro, haikuwa na uwezo wa kuizuia. Wanunuzi wakasita. Katika uchaguzi wa Mei 2007 vyama vikubwa vilishindana kuahidi nafuu ya ushuru wa stempu kwa wanunuzi wa nyumba, kana kwamba ugonjwa ulikuwa ni nyumba kukosa wateja. Mwishoni mwa 2006 mchumi Morgan Kelly wa Chuo Kikuu cha Dublin alikuwa ameonya kwamba bei ingeweza kuporomoka vibaya. Wachache walimsikiliza. Mwezi Julai 2007 Waziri Mkuu, Bertie Ahern, alidiriki kusema hadharani kuwa hajui kwa nini wanaonung'unika juu ya uchumi hawajiui. Baadaye aliomba radhi, lakini kauli ile ilikuwa imekwisha onyesha jinsi onyo lilivyopokewa.

Ni dhahiri kwamba serikali ilikuwa na sababu ya kutotaka kusikia. Mwaka 1987 kodi ya makampuni, ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo ya mali zilikuwa takriban asilimia 8 tu ya mapato ya kodi. Mwaka 2006 zilifikia asilimia 30. Wakati huo huo kodi ya kudumu ya nyumba za kuishi ilikuwa imefutwa mwaka 1978, ili kutimiza ahadi ya uchaguzi uliotangulia, nayo haikurejeshwa kwa ukamilifu hadi mwaka 2013. Kwa hiyo Hazina ilikula kila nyumba ilipouzwa, na ilikosa kila mauzo yaliposimama. Serikali yenye mapato ya namna hiyo haiwezi kuwa mwamuzi katika soko la nyumba, kwa kuwa nayo ni mchezaji.

Mauzo yalisimama. Septemba 2008 serikali ilidhamini madeni ya mabenki makubwa ya nchi, na kuyaokoa kulimgharimu mwananchi takriban Euro bilioni 64. Novemba 2010 Ireland ilikubali mpango wa mikopo wa Euro bilioni 85 kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilichotwa katika akiba ya taifa iliyowekwa kwa ajili ya pensheni. Ukosefu wa kazi, uliokuwa chini ya asilimia 5, ulifika karibu asilimia 15. Bei za nyumba zilianguka kwa karibu nusu. Uchunguzi wa mwaka 2010 uligundua vijiji vya nyumba zaidi ya 2,800 vilivyoachwa bila kumalizika.

Watumishi wa umma na walimu wa nchi yo yote wana sababu ya kuangalia nani aliletewa hesabu hiyo. Mwaka 2009 wenzao wa Ireland walikatwa mchango mpya wa pensheni wa wastani wa asilimia 7.5 ya mshahara. Desemba mwaka huo mishahara yenyewe ikapunguzwa, kuanzia asilimia 5 na kuendelea. Makubaliano kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, yaliyodumu tangu 1987, yakavunjika. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 2011 alianza kwa mshahara pungufu, angalau kwa asilimia 10, kuliko wenzake waliomtangulia, ingawa watoto ni wale wale na kazi ni ile ile. Mwalimu huyo hakumkopesha tajiri ye yote mabilioni, wala hakununua shamba kwa bei ya malisho akaliuza kwa bei ya viwanja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Shamba lililo kando ya mji halipandi thamani kwa jasho la mwenye shamba. Hupanda kwa sababu umma umeleta barabara, maji na shule, na kwa sababu halmashauri imeruhusu pajengwe. Tangu mwaka 1973 Ireland inalijua hilo kwa maandishi. Kamati iliyoongozwa na Jaji John Kenny ilipendekeza kwamba halmashauri ziwezeshwe kununua ardhi ya ujenzi kwa thamani ya matumizi yake ya wakati ule pamoja na nyongeza ya asilimia 25, ili faida iliyobaki iwe ya umma. Serikali zilizofuatana hazikuyatungia sheria mapendekezo hayo. Badala yake walanguzi waligundua kwamba njia fupi ya utajiri ni kura ya diwani. Tume iliyoundwa mwaka 1997 kuchunguza vibali vya ardhi ilifanya kazi hadi 2012, na taarifa yake ilieleza rushwa iliyoota mizizi.

Husemwa kwamba Katiba ya mwaka 1937 inalinda mali ya mtu binafsi. Ni kweli. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema kwamba matumizi ya haki hiyo yataongozwa na haki ya jamii, na yaweza kuwekewa mipaka kwa manufaa ya wote. Bunge la kwanza la Ireland, mwaka 1919, lilitamka wazi kwamba haki ya mali binafsi iko chini ya haki na ustawi wa umma. Nalo lilikuwa bunge la wajukuu wa wakulima ambao tangu 1879, chini ya Ligi ya Ardhi, walikataa kunyang'anywa mashamba na makabaila. Hapana shaka wakulima wale hawakupigana ili kabaila aondoke na mlanguzi akalie kiti chake.

Madhara hayakuisha bei zilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1970 halmashauri zilijenga takriban nyumba moja katika kila tatu. Mwaka 2000 sheria ilitaka hadi asilimia 20 ya ardhi ya miradi itengwe kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Mwaka 2002 ikalegezwa, na mjenzi akaruhusiwa kulipa fedha badala yake. Baada ya anguko, ujenzi ulikaribia kufa: mwaka 2013 nyumba zilizokamilishwa hazikufika 10,000. Watu waliongezeka, kodi za pango zikapaa, na mwaka 2022 bei za nyumba zikapita kilele cha 2007. Novemba 2024 watu zaidi ya 15,000 walikuwa wakilala katika makazi ya dharura ya serikali, maelfu yao wakiwa watoto.

Bei ilipopanda, kijana wa Dublin alikosa nyumba. Iliposhuka, alikosa kazi. Ilipopanda tena, alikosa hata chumba cha kupanga. Mtu anayeumia katika hali zote tatu hawezi kuambiwa angoje soko litulie. Hapana budi wenye dhamana ya kuongoza, Ireland na kwingineko, waamue kwanza jambo ambalo soko haliwezi kuwaamulia: thamani inayoletwa na umma katika ardhi irudi kwa umma, kabla haijaingia mfukoni mwa mtu. Jaji Kenny na wenzake waliandika namna ya kufanya hivyo mwaka 1973. Kilichokosekana ni viongozi wa kutia sahihi.