Akirudi kutoka soba hausi, asipewe mtaji siku ya kwanza

Tangu Machi 4, 2024, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo yamezungumzwa mengi kuhusu ushuru na vibali. Yuko msafiri asiyetajwa sana: kijana wa Kudhaa au Kismayo ambaye jamaa zake wanamvusha mpaka ili aachane na unga.

Nyumba za matibabu zinazoendeshwa kwa Kiswahili ziko mbali na kwao. Malindi kuna Mradi wa Omari, ulioanza miaka ya 1990. Mombasa kuna MEWA, na Unguja kuna soba hausi zinazofuata hatua 12. Mgonjwa hukaa huko miezi kadhaa, na miezi hiyo humbadilishia watu wake. Marafiki wa kijiweni huachwa. Badala yao hupata ndugu wapya, wale wanaokesha naye arosto inapombana.

Kisha huja lililo gumu zaidi. Hatua ya 8 humtaka aorodheshe aliowakosea, na ya 9 humtaka awafidie, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza zaidi. Katika familia ya wafanyabiashara, orodha hiyo ni daftari la madeni. Yumo mjomba aliyempa samaki akauze, fedha zisionekane. Yumo mama aliyeuza dhahabu yake kumlipia madeni.

Siku ya kurudi, familia nyingi hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaoendelea kumwita teja na kuficha pochi kila akiingia. Wapo wanaomkabidhi mtaji palepale kwa furaha. Wote wanamsukuma kulekule alikotoka, na safari hii hatari ni kubwa zaidi: mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Anayekirudia anaweza kufa.

Mfanyabiashara anaijua njia ya katikati, kwani ndiyo anayoitumia kila siku. Mteja mgeni hakopeshwi shehena nzima. Huanza na kidogo, akilipa huongezwa. Kijana naye aanze na kazi isiyoshika fedha, kama kupakia na kuhesabu mizigo. Baadaye alipwe kidogo kila wiki, na sehemu yake ipunguze deni la mjomba. Mauzo yatafuata akiaminika.

Mama naye ana la kujifunza: kuacha kulipa na kuficha. Nyumba hizi huwaita jamaa kwa mazungumzo, lakini bahari na mpaka humzuia wa Kudhaa. Basi anayekwenda Mombasa kuchukua bidhaa apite kumwona kijana, apeleke salamu na arudishe habari, bila kumtilia fedha mkononi. Na Jumuiya inapopanga watu wavuke mpaka kwa uhuru, imkumbuke na mama huyo, asizuiwe mpakani anapokwenda kukaa na mwanawe mbele ya mshauri.