Daftari la wiki: Kwa baiskeli nje ya Lubumbashi

Njia nyingi za baiskeli zinazosifiwa Ufaransa zilianza kama njia za kazi. Kingo za Canal du Midi, mfereji uliofunguliwa mwaka 1681, zilikanyagwa na farasi waliokuwa wakivuta mashua za mizigo na abiria. Kati ya Givry na Cluny, huko Bourgogne, waendesha baiskeli tangu 1997 wanapita juu ya tuta la reli iliyong'olewa, mizabibu huku na vijiji vya mawe kule. Kazi ilikwisha, matembezi yakarithi njia. Kuzunguka Lubumbashi nako kuna barabara zinazopanda na kushuka kati ya msitu, vijiji na miji ya migodi yenye historia nzito. Ila huku kazi haijaisha. Barabara zilezile zinapitisha makala (makaa ya kupikia), samaki na shaba, na anayesafiri kwa kutaka kuona tu ndiye mgeni anayepaswa kupisha.

Ardhi na majira

Lubumbashi imekaa kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hakuna mlima wa kumkatisha mtu tamaa. Kuna miteremko mirefu inayoshukia vijito, kisha barabara inapanda tena polepole kuingia miombo. Vichuguu ni vikubwa ajabu, vingine vinapita mita 5. Wakulima hupenda udongo wake, na wafyatua matofali huuchimba, ndiyo maana kichuguu kilichokatwa ubavu mara nyingi kina tanuru la matofali karibu yake.

Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili. Wakati huo udongo mwekundu hujaa kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka, na barabara zisizo na lami hazifai kwa safari ndefu. Kipindi kizuri ni kiangazi. Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ya kuvalia koti, ila mchana ni mkavu na mwanga ni safi. Agosti nyasi huchomwa, moshi unatanda na majivu yanapeperuka barabarani. Septemba, kabla tone la kwanza halijaanguka, miombo huchipua majani mapya mekundu na msitu mzima hubadilika rangi. Oktoba ni mwezi wa jua kali.

Barabara ya Kipushi

Safari ya kuanzia ni Kipushi, kilomita 30 kusini-magharibi, kwenda na kurudi kwa siku moja bila haraka. Ni mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi mmoja. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuchimba hapo katika miaka ya 1920, na mgodi ukapewa jina la Prince Léopold. Chini ya ardhi mlikuwa na shaba, zinki na germanium. Mwaka 1993 uzalishaji ulisimama, na kwa miongo mitatu kazi kubwa ikawa kuzuia maji yasimeze mashimo. Zinki ilianza kutoka tena mwaka 2024. Mnara wa mgodi unaonekana kabla ya mji wenyewe, nyumba za wafanyakazi zimepangwa kwa mistari, na mpaka wa Zambia uko pembeni kabisa mwa mji.

Njiani na kwingineko Katanga, msafiri makini atakutana na vilima visivyo na miti, vyenye nyasi fupi tu, katikati ya msitu mnene. Hakuna aliyekata miti hapo. Shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa mimea mingi, na ni michache tu inayostahimili. Mmojawapo ni Haumaniastrum katangense, ule ambao kwa Kifaransa huitwa ua la shaba. Wachimbaji wa zamani waliufahamu upara wa vilima hivi karne nyingi kabla ya jiolojia kufika na vyombo vyake. Walichimba jiwe la kijani la malakiti, wakaliyeyusha katika matanuru ya udongo wa kichuguu, na wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha na mahari, na mwaka 1960 mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga.

Kinga na mzigo wake

Barabara zote zinazoingia Lubumbashi alfajiri zimejaa baiskeli, au kinga kama zinavyoitwa mjini. Iliyozoeleka ni ya chuma kizito yenye gia moja, aina ya Phoenix kutoka China. Fundi huiongezea nguvu kabla haijaanza kazi: kibebeo cha nyuma hubadilishwa na kuwekwa cha nondo zilizochomelewa, na uma wa mbele hutiwa vyuma vya kuupa msaada. Magunia ya makala husimamishwa nyuma na kulazwa juu kwa juu, yakafungwa kwa vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu, kwa kuwa mpira hukaza zaidi kila mzigo unapotikisika. Mdomo wa gunia hufungwa kwa nyasi au majani ili makala yasimwagike.

Kwenye mlima mwenye mzigo haendeshi. Hushuka, hushika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili husukuma gunia, na mara nyingi wawili au watatu husaidiana kilima kimoja kimoja. Kwenye mteremko hali hugeuka kuwa ya hatari. Breki hazimudu uzito huo, na wengi hukandamiza gurudumu la nyuma kwa soli ya ndala. Baiskeli ya namna hiyo haiwezi kusimama ghafla. Kwa sababu hiyo mtalii akisikia kengele nyuma yake kwenye mteremko hutoka barabarani kwanza, kuuliza ni baadaye.

Kila mbabula, yaani jiko la makala, unaowashwa mjini kupikia bukari, ugali wa huku, unategemea msafara huu. Miombo iliyo jirani na mji imekatwa, na wachoma makala wamesogea mbali zaidi, kwa hiyo safari ya mzigo imerefuka. Anayeendesha kutoka mjini huliona jambo hilo kwa macho: kwanza mashamba na vichaka, kisha visiki vinavyochipua, na msitu wenye miti mirefu huja baadaye kabisa.

Barabara ya Likasi

Likasi iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, kwenye lami ya barabara ya taifa namba 1. Umbali si tatizo, malori ndiyo tatizo. Shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi hupita hapa kuelekea Kasumbalesa na Zambia, na lori linalopita lori lingine halimwachii mwenye baiskeli nafasi. Wanaoijua barabara hii huondoka kabla ya jua kuchomoza.

Barabara inavuka mto Lufira. Hapo darajani, Septemba 1961, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilizuiwa kilipokuwa kikienda kuwaokoa askari wa Ireland, 150 na ushei, waliozingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga. Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Waairishi walipigana siku 5, wakaishiwa risasi na maji, wakajisalimisha bila kufiwa na hata mmoja. Mji wenyewe una barabara pana, miti ya kivuli na nyumba za enzi za Union Minière. Karibu nao ni Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani. Umefungwa, na si mahali pa matembezi.

Bunkeya

Kutoka Likasi barabara za udongo huelekea Bunkeya, katika jimbo la Lualaba, uliokuwa mji mkuu wa Msiri. Mfanyabiashara huyu alitoka nchi ya Unyamwezi, Tanzania ya leo, akiifuata shaba, na katikati ya karne ya 19 akaunda dola la Garenganze lililofanya biashara ya shaba, pembe na watumwa hadi pwani zote mbili za Afrika. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara ulioongozwa na Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji. Wayeke, watu wa Msiri, hukusanyika Bunkeya kila tarehe 20 Desemba kumkumbuka. Sikukuu huangukia katikati ya mvua, hivyo mwenye baiskeli huchagua moja: sherehe au barabara kavu.

Barabara ya Kasenga

Barabara ya kaskazini-mashariki hufika Kasenga, kwenye mto Luapula, baada ya kilomita 200 na zaidi. Kwa jumla inateremka, kwa kuwa bonde la Luapula liko chini ya mita 1,000. Wagiriki walianzisha hapo biashara ya samaki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wakisafirisha samaki wa barafu hadi Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati huo. Kaskazini ya barabara umesimama uwanda wa Kundelungu, hifadhi ya taifa tangu 1970, yenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 340. Hiyo ni safari ya pekee, inayohitaji ruhusa na kiongozi.

Vipuri, maji na karatasi

Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeanzisha gazeti Le Cycliste mwaka 1887, alipigania gia nyingi maisha yake yote, na Tour de France haikuruhusu vibadilisha gia hadi 1937. Nje ya Lubumbashi hoja ya gia moja bado ina uzito: kipuri cha Phoenix hupatikana karibu kila kijiji, lakini mnyororo mwembamba wa baiskeli ya kisasa haupatikani. Fundi aliye chini ya mwembe ana beseni la maji la kutafutia tundu, gundi na vipande vya mpira wa zamani. Mgeni abebe mwenyewe mpira wa ndani wa kipimo chake, nyaya za breki na mnyororo.

Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha kuanzia mjini, hasa Septemba na Oktoba, vijito vingi vinapokauka. Karatasi za utambulisho ziwe mkononi kwenye vizuizi, na kamera ifungwe karibu na migodi, madaraja na mpaka. Kijijini, anayetaka kulala huanza kwa chifu: humsalimu, humweleza atokako na aendako, kisha huonyeshwa pa kuweka hema.