Replika Yako Imepita kwa Rula, kwa Historia Imeanguka

Kuna mtindo umeingia kwa video zetu za historia na mimi nimechoka kuunyamazia. Mtu anaagiza bunduki ya easofti, zile za kurusha vitufe vya plastiki vya milimita 6, iliyoundwa kama Lee-Enfield ya jeshi la Mwingereza. Anavaa koti kuukuu, anaingia kwa miti, halafu anaandika hapo chini: "Silaha halisi ya Mau Mau, saizi kamili." Komenti zinajaa alama za moto. Na hakuna hata mmoja anayeuliza, halisi kivipi?

Tuanze na bunduki yenyewe, maana hapo ndio mnapenda kujigamba. Lee-Enfield si bunduki moja. Ile ya Vita vya Kwanza, SMLE Mark III, pua yake ni butu, mbao inafika hadi mwisho wa mtutu, na kidude cha nyuma cha kulengea kimekaa mbele, juu ya mtutu. Namba 4, iliyotengenezwa kwa wingi kuanzia 1941, mdomo wa mtutu umechomoza nje, na kile kidude kimerudishwa karibu na jicho. Namba 5 ni ya 1944: fupi, karibu mita moja, kilo 3 na kitu, ina koni ya chuma mdomoni ya kuficha mwako na mpira kwa kitako. Kwa hivyo ukinionyesha Namba 4 uniambie ni ya askari wa KAR akipigana na Wajerumani kule Taveta 1916, sihitaji kupima chochote. Hiyo bunduki haikuwa imezaliwa.

Replika nzuri zipo, hilo sikatai. Urefu unafika mita 1.13 kama ya ukweli, na mbao ni mbao, si plastiki. Lakini urefu ndio kitu rahisi zaidi kuiga. Angalia mtu anavyoitumia. Anachomoa magazini, anachomeka ingine, kama yuko kwa gemu. Askari wa Lee-Enfield hakutembea na mfuko wa magazini. Ilikaa kwa bunduki, yeye akafungua bolti na kusukuma risasi kutoka juu, tano tano, mpaka zifike kumi. Halafu bolti yenyewe. Ya ukweli inajikoki ukiisukuma mbele, ndio maana ilisifika kwa wepesi. Easofti nyingi za springi zinajikoki ukivuta nyuma, na springi ni ngumu, so unaona msee anavuta kama anang'oa jino.

Sawa, hayo tunaweza kusamehe. Yenye hayasameheki ni swali la mikono ya nani.

Namba 5, hiyo fupi mnayoipenda kwa sababu inakaa vizuri kwa kamera, ilikuwa kwa mikono ya wanajeshi wa Mwingereza waliotumwa kuwawinda wapiganaji Nyandarua na Mlima Kenya. Unachukua bunduki ya mwindaji unampatia mwindwa, alafu unaita hiyo kumheshimu.

Najua mtaniambia nini: wapiganaji waliteka silaha. Kweli kabisa. Machi 26, 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakaondoka na bunduki na risasi. Basi igiza Naivasha! Igiza usiku huo, na bunduki chache zikigawanywa kwa watu wengi. Usinipange wanaume ishirini msituni kila mmoja na Lee-Enfield inayong'aa vanishi. Wengi hawakuwa na bunduki hata moja. Walikuwa na panga na simi. Na wengine walikuwa na kitu ambacho hakiuzwi kwa duka lolote la easofti: bunduki walizojiundia wenyewe, mtutu ukiwa bomba la maji, kitako cha mti wa kuchonga, komeo la mlango likifanya kazi ya bolti, likivutwa na mpira wa tyubu. Wakati mwingine zililipuka mkononi mwa mwenye kufyatua. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa amepigana Burma na KAR, alijua bunduki ya jeshi inafaa kuwa aje. Fikiria mtu kama huyo, na kule msituni silaha ni komeo na mpira. Stori iko hapo, na nyinyi mnaifunika na mbao ya kupolishi.

Hata kwa Kimathi tunateleza. Sanamu yake Nairobi, iliyozinduliwa 2007, imeshika bunduki ndefu na kisu. Lakini kesi iliyomnyonga, pale Nyeri 1956, ilihusu bastola, Webley ya .38, na risasi zake. Sisemi sanamu ivunjwe, sanamu ni sanamu. Nasema kijana wa Form Two anayejifunza kwa simu hatafika kwa rekodi za korti. Atafika kwako. Ukimwonyesha jeshi lenye silaha kamili, atauliza mbona basi hawakushinda haraka, na ataona kama walizembea.

"Buda, ni kontenti tu." Kama ni kontenti tu, toa neno "halisi". Andika "igizo", watu waendelee na maisha.

Na kuna hii ya kupaka rangi. Marekani sheria inataka bunduki za kuigiza ziwe na ncha ya rangi ya machungwa. Mtu anaipata hivyo, anaipaka nyeusi "kwa ajili ya uhalisi", kisha anaibeba begani kwa nduthi akienda kushuti msitu wa Karura. Polisi kwa roundabout hatakuuliza kama ni Namba 4 ama Namba 5. Yeye ataona mtutu. Bomba la bandia na kipande cha mti wa kuchonga, kitu kisichofyatua chochote, fundi wa jua kali anakuundia kwa bei ndogo kuliko hiyo replika, na ukikifunga kwa gunia hakuna mtu barabarani atakitazama mara mbili.