Utamu wa Samos Una Somo Kwetu

Ukimtaja Pythagoras darasani, watu wanakumbuka pembetatu na kuumwa kichwa. Wachache wanajua kwamba alizaliwa Samos, kisiwa cha Ugiriki kilicho jirani kabisa na Uturuki. Kisiwa hichohicho kinatoa mvinyo mweupe mtamu wenye jina Ulaya. Simshawishi mtu kunywa, jamani. Mimi nasomea ualimu, na nimeona somo humo.

Mvinyo huo unatokana na zabibu nyeupe za Muscat, zenye punje ndogo na harufu nzuri. Zinalimwa kwenye matuta ya mawe milimani, na kazi kubwa ni ya mikono. Kwa aina inayoitwa Nectar, zabibu zikishavunwa huanikwa juani siku kadhaa mpaka zisinyae. Maji yanapungua, sukari inabaki. Zikikamuliwa, juisi inatoka kidogo na nzito, hamira inashindwa kuimaliza sukari yote, na utamu unabaki humo. Kisha mvinyo unalazwa miaka kadhaa kwenye mapipa ya mwaloni.

Sasa jiulize: mkulima mwenye kashamba kadogo anawezaje kusubiri miaka yote hiyo? Ada ya mtoto haisubiri. Peke yake angeuza zabibu mbichi kwa bei yoyote atakayotajiwa. Wakulima wa Samos walichoshwa na wafanyabiashara waliowapangia bei, na mwaka 1934 ushirika wao ukaanzishwa. Mitambo ikawa yao, mapipa yakawa yao. Ushirika ukabeba ile subira ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba.

Mtu atasema, "Ushirika? Hayo mambo ya wazee, yameshatushinda." Kusema ukweli, historia yetu inauma. KNCU ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1933, mwaka mmoja kabla ya Samos. Tulitangulia! Lakini kahawa yetu iliendelea kuuzwa nje ikiwa ghafi kwa sehemu kubwa, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Viliporudi miaka ya 1980, imani ya wengi ilishavunjika.

Samos nao hawakuwa malaika. Sheria iliwalazimisha wakulima wote wa zabibu kisiwani kuingia kwenye ushirika, na hilo siliungi mkono. Mwanachama wa lazima hana namna ya kuuadhibu uongozi mbovu kwa kuondoka. Ninachokitaka kwao ni kile cha pili: mkulima kumiliki hatua inayoongeza thamani.

Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, bahati ambayo Samos hawana. Bado tunasikia vilio vya wakulima waliokosa soko. Zabibu mbichi inaoza haraka, na mnunuzi analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kumwambia mkulima "ongeza uzalishaji" bila mtambo ni kumwongezea mzigo wa kuoza.

Sisi walimu watarajiwa tunahusika. Shuleni tulikariri mwaka wa kuanzishwa kwa KNCU ili tufaulu mtihani, basi. Hakuna aliyetufundisha kusoma hesabu za chama, kumhoji mweka hazina au kumpigia kura kiongozi kwa kazi yake. Wengi wetu tutapangiwa shule za vijijini, mbele ya watoto wa wakulima. Tukawafundishe hayo, tena kwa hesabu za vyama vya wazazi wao wenyewe. Pembetatu za Pythagoras zitafuata.