Chakula chenye virusi: habari bila namba ya loti inasaidia nani?

Mwezi wa kenda 2012, karibu watu 11.000 waligonjwa kuhara na kutapika mashariki ya Ujerumani, wengi wao watoto wa shule. Wachunguzi walifuata chakula cha kantini mpaka wakafikia frezi za barafu zenye zilitoka Uchina, zenye norovirusi. Ulikuwa mzigo wa tani 22. Juu ya kujua haraka, zaidi ya nusu ilizuiwa mbele ya kufikia walaji: karatasi za biashara zilionyesha ulipitia wapi.

Huku kwetu, OCC ndiyo inapima bidhaa zinazoingia. Lakini sokoni, samaki ya friji inatolewa kwenye karatoni, inapangwa kwenye beseni, karatoni inatupwa. Hata redio ikitangaza namba ya loti, mnunuzi atalinganisha na nini?

Basi, wauzaji wachunge karatoni mpaka mzigo uishe, na wanunuzi waombe kuiona. Barafu haiui virusi hii. Kuivisha muzuri ndiko kunaiua. Sabuni na maji vinapita dawa ya pombe ya mikono. Na mwenye kutapika asipikie wengine mpaka siku mbili zipite kisha kupona.