Kebo Yalaumiwa, Adapta Yanyamaza

Mwanafunzi wa Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, akinunua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisi za ng'ambo, mara nyingi hupata na skrini ya hezi 60, yaani inayochora picha mara 60 kwa sekunde. Akianza kucheza gemu atatamani kuisukuma hadi 75. Hapo ndipo ushauri unapomiminika, kuanzia Kitui mjini hadi Wote, na mwingi si wa kweli.

"Nunua kebo ya dhahabu, hezi zitapanda." Hazipandi. Kadi ya grafiki ndiyo inayotuma picha, na bodi iliyo ndani ya skrini ndiyo inayozipokea. Kebo ni njia tu. Dhahabu ya kwenye plagi huzuia kutu, na huku adui ni vumbi. Kebo mbovu ya kidijitali haijifichi: utaona vitone vikimetameta, au picha itakatika na kurudi. Kama huoni hayo, kebo mpya haitakuongezea chochote.

"Basi kebo zote ni sawa." Hapana pia. Wachezaji waliosukuma skrini za Korea za QNIX QX2710, zenye pikseli 2560 kwa 1440, kutoka hezi 60 hadi 96 na zaidi, walitumia DVI yenye njia mbili. Kiwango chake rasmi cha kupitisha pikseli ni megahezi 330, nao walikuwa wakikipita. Kwa mwendo huo waya mnene na mfupi ulisaidia kweli. Lakini skrini ya inchi 22 ya ofisini haifiki huko.

"Imegoma kupita 70, skrini ni mbovu." Dai hili ndilo linalowapotezea watu pesa. Kompyuta nyingi za ofisini, kama Dell OptiPlex, zina tundu la DisplayPort bila HDMI, kwa hiyo muuzaji anakuongezea kiadapta kidogo cha kugeuza. Adapta hizo zina aina mbili. Ya kwanza imewekewa kikomo cha megahezi 165. Ya pili, iliyokuja na kiwango cha 2013, hufika 300. Sasa piga hesabu ya pikseli 1920 kwa 1080. Hata ukibana nafasi tupu kati ya picha na picha, hezi 70 hudai megahezi kama 162, na hezi 75 hudai kama 174. Yaani 70 inapenya na 75 inagonga ukuta, skrini ikiwa nzima kabisa. DVI ya njia moja ina kikomo hichohicho cha 165. Kama skrini yako ina tundu la DisplayPort, tupa adapta, unganisha DisplayPort kwa DisplayPort, kisha ujaribu tena kabla ya kuilaani.

"VGA haiwezi kitu." Zile skrini za mraba za inchi 19, pikseli 1280 kwa 1024, nyingi hukubali hezi 75 kupitia VGA bila ujanja wowote. Ila VGA ni ya analogi: kebo ndefu au hafifu hufifisha herufi, na hapo ubora wa waya una maana.

"Umeme wa Kenya ni hezi 50, skrini haiwezi kuupita." Kama ingekuwa hivyo, hata 60 isingewaka. Umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kabla haujafika kwenye bodi.

"Windows inaandika 75, basi imekubali." Subiri. Skrini nyingine hupokea picha 75 na kuonyesha 60, zilizobaki zinarukwa. Fungua jaribio la miraba inayowaka mmoja baada ya mwingine, kisha ipige picha kwa simu, lenzi ikae wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Miraba iliyowaka ikifuatana bila pengo, 75 ni ya kweli. Ukiona pengo katikati, rudisha 60. Mchezo utatiririka vizuri zaidi.