Tusiwe wapangaji wa kudumu katika tarakilishi

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukweli wa methali hii ulinidhihirikia miaka michache iliyopita, nilipotaka kufungua orodha ya msamiati wa lahaja niliyoikusanya nikisomea shahada ya uzamifu. Nilikuwa nimeihifadhi kwa programu ya kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuitelekeza programu yake, na tarakilishi yangu mpya ikakataa katakata kulisoma faili. Baadhi ya wazee walionipa maneno yale wametangulia mbele ya haki.

Nalikumbuka tukio hilo kila mwalimu anaponiuliza shule yake inunue vifaa vya aina gani. Mfumo funge, kama vile Windows au ule wa simu za iPhone, ni ule ambao msimbo wake unamilikiwa na kampuni, nasi hupewa leseni ya kuutumia tu. Mfumo huria huruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ni wa aina hii. Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, ingawa simu nyingi za madukani hujazwa pia programu funge.

Kwetu sisi walimu wa lugha, tofauti hii si ya kiufundi tu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wataalamu wale hawakulazimika kumbembeleza mtu. Microsoft nayo baadaye iliitia lugha yetu katika Windows na Office, na yafaa kuipongeza. Hata hivyo, uamuzi kuhusu lugha ipi itafsiriwe, na hadi lini, ulibaki mikononi mwake.

Sidai kwamba mfumo funge ni haramu. Mafundi wengi wanaufahamu, na zipo kazi ambazo programu zake huzitenda vyema zaidi. Wala msimbo huria haujitafsiri wenyewe. Pasipo watu wa kujitolea, tafsiri huchakaa na istilahi zikapitwa na wakati.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, mwalimu mkuu na aulize swali moja: siku tukihama, je, kazi zetu zitafunguka kwingineko? Umbo la faili liitwalo OpenDocument lilikubaliwa na ISO kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na LibreOffice inayolitumia hupatikana bila malipo, hata kwa wenye Windows. Nanyi wanafunzi wa isimu na tafsiri, badala ya kuandika tasnifu zinazoishia kabatini, chagueni programu huria moja mkaitafsiri. Hiyo ni kazi itakayotumiwa na wadogo zenu.

Orodha yangu naiandika upya kutoka katika daftari za zamani zilizosalia. Nimefikia herufi M. Safari hii naihifadhi katika umbo ambalo mjukuu wangu ataweza kulifungua bila kumwomba mtu ruhusa.